Mambo ya Ufundi: Kisu Kinapochelewa Kasigau

Mlima Kasigau husimama peke yake katika nyika, kusini-mashariki ya mji wa Voi, na msafiri apitaye barabara kuu ya Mombasa huuona kwa mbali upande wa kusini afikapo Maungu. Vijiji vya Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na vinginevyo vimeuzunguka mlima huo kama watoto waliokaa miguuni pa babu yao. Watu wa huko hulima, hufuga mbuzi na nyuki, na akina mama husuka vikapu vya mkonge ambavyo sifa yake imefika ng'ambo. Katika kazi zote hizo hapana hata moja isiyotaka kisu. Kwa hiyo mhunzi ni mtu mkubwa, ijapokuwa kibanda chake ni kidogo na paa lake limeingia moshi.

Lakini jina la mhunzi halitajwi kwa heshima tu. Kila aliyewahi kuagiza kisu kwa fundi wa kijijini aijua njia ya kwenda kibandani na kurudi mikono mitupu. Na ichukuliwe hapa kwa mfano mama mmoja msukaji, ambaye hakupewa jina kwa sababu wako wengi kama yeye. Amelipa arubuni. Ameambiwa aje Jumatano. Jumatano anafika na kubisha hodi.

"Karibu, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, fundi. Nimekuja kwa kile kisu changu."

"Kisu chako ki tayari, mama. Kimebaki mpini tu. Njoo kesho."

Kesho mpini umepatikana, lakini ribiti hazipo. Kesho kutwa ribiti zipo, lakini fundi amekwenda Voi. Mwisho wa juma mama anapewa kisu kizuri machoni, na baada ya siku kumi kinapasuka karibu na mpini alipokuwa akikata ncha za mkonge zilizobaki kandoni mwa kikapu, nacho nusura kimwondolee kidole. Kikapu kile kiliagizwa na kikundi, na vikapu vyote vya kikundi vilitakiwa viondoke siku moja. Basi kisu kimoja kibovu kimewachelewesha wanawake ishirini ambao hawakumkosea fundi neno lolote.

Wepesi wa kulaumu watasema ya kuwa fundi ni mvivu na mwongo. Pengine ndivyo, katika kila kazi wamo watu wa namna hiyo. Walakini mtu akikaa kibandani tangu asubuhi hata jioni ataona kuwa mambo hayo mawili, kuchelewa na ubovu, hayana uvivu ndani yake kama watu wadhanivyo. Huyo fundi ameamka kabla ya jua, ametoka jasho mchana kutwa, na jioni hana visu vya kutosha. Shida ipo mahali pengine, na yafaa itafutwe.

Kwanza yapasa kujua ya kuwa uhunzi si kazi ngeni katika nchi hizi. Al-Idrisi, mwandishi wa Kiarabu aliyemaliza kitabu chake cha habari za dunia mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji wa chuma na wauzaji wake. Katika miaka yetu hii mtaalamu wa mambo ya kale, Bwana Chapurukha Kusimba, pamoja na wenzake walivichunguza vyuma vilivyofukuliwa katika miji ya kale ya pwani, wakaona humo pua nzuri. Na huko Galu, kusini ya Mombasa, walipata pua iliyoyeyushwa kalibuni, kazi ambayo watu wengi walidhani haikujulikana pande hizi. Mtaalamu huyo huyo, alipokuwa katika Jumba la Makumbusho la Field huko Chicago, aliongoza uchunguzi katika nyika ya Tsavo na mlima Kasigau wenyewe, na masalio ya kuyeyusha chuma yakaonekana huko. Yaani mlima ule ambao Bwana Rebmann wa misioni aliufikia mwaka 1847, na ambao katika habari zake aliuita Kadiaro, ulikuwa umeujua moto wa mhunzi zamani.

Baadaye chuma cha meli na cha reli kiliingia kwa wingi na kwa bei ndogo. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na ilipokwisha kupita Voi, mtu hakuwa na sababu tena ya kuchimba mawe na kukesha tanuruni siku nzima ili apate donge moja. Mhunzi akaacha kuyeyusha, akawa mfuaji wa vyuma vya wengine. Kisha vikaja vita. Mwezi Agosti 1915 Serikali ya Waingereza iliwatuhumu watu wa Kasigau kuwa wamewasaidia Wajerumani, ikawaondoa kwao, wazee kwa watoto, ikawapeleka upande wa Malindi. Wengi walikufa huko, na waliosalia hawakurudishwa hata miaka ya 1930. Ufundi hauandikwi kitabuni. Hupita kutoka mkono wa baba kwenda mkono wa mwana penye moto. Watu waliotolewa kwao miaka ishirini, wakafa wazee wao ugenini, hapana haja ya kueleza walipoteza nini.

Mhunzi wa leo, basi, hutegemea vyuma chakavu, na hapa ndipo kuchelewa kwa kwanza kunapoanzia. Chuma kipendwacho kwa visu na mapanga ni mabamba ya springi za malori, maana ndani yake mna pua ya kutosha kushika makali. Bamba hilo halioti Kasigau. Lazima litoke Voi au Maungu, kwenye gereji za barabara kuu, na lazima mtu alifuate, alilipie, na alipakie garini. Tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 mwuzaji wa vyuma hivyo hutakiwa awe na leseni. Na mwezi Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu mpaka taratibu mpya ziwekwe. Marufuku iliondolewa mwaka huo huo baada ya miezi michache. Nia ilikuwa kuwazuia wezi wa nguzo, wala hakuna mtu mwema atakayewatetea wezi. Lakini fundi mdogo asiye na akiba ya chuma hufungiwa mlango pamoja na mwizi, na wateja wake hawasomi gazeti la Serikali kujua sababu.

Jambo la pili ni makaa. Kufua kisu kimoja ni moto wa muda mrefu, na moto huo ulizoea kutoka katika msitu mkavu ulio kati ya Tsavo ya Mashariki na Tsavo ya Magharibi. Siku hizi msitu ule una thamani ya namna nyingine. Mpango wa kuuhifadhi, uitwao Kasigau Corridor, mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani wa namna yake kupata hati za hewa ya ukaa zilizothibitishwa kwa kanuni ya VCS, na fedha zake hutumika pia katika shule, maji na kazi za wenyeji. Mchoma makaa wa kukata miti ovyo hana nafasi hapo, na ndivyo ipasavyo. Hata hivyo mhunzi yumo kati ya mambo mawili: mwanawe huenda anasomeshwa kwa faida ya mti uliosimama, na chakula cha mwanawe kinatokana na mti uliochomwa. Makaa yatengenezwayo kwa matawi yaliyopogolewa yaweza kusaidia, lakini yataka mtu ayajue: huwaka kwa namna yake, na fundi aliyezoea makaa ya mgunga atazidisha mvukuto na kuunguza chuma kabla hajayazoea.

Hayo mawili hayamo mikononi mwa fundi. La tatu limo, nalo ni arubuni.

Tuseme kisu ni shilingi mia nne, na mteja atoa mia mbili mbele. Fedha hiyo ilikusudiwa kununua chuma na makaa. Lakini siku ile nyumbani hapana unga, au mtoto ana homa, na fedha ya chuma inaliwa. Juma lijalo fundi hana chuma wala fedha, naye ana deni la kisu. Afanyeje? Humpokea mteja wa pili, na kwa arubuni ya wa pili hununua chuma cha kisu cha wa kwanza. Arubuni ya wa tatu humaliza kazi ya wa pili. Hivyo kila mtu humlipia aliyemtangulia, na wa mwisho hana wa kumlipia. Fundi hawezi kukataa kazi mpya, maana ndiyo inayoishi badala ya ile ya zamani. Na kwa kuwa hawezi kukataa, ahadi zake zinazidi nguvu za mikono yake. Neno "njoo kesho" limezaliwa humo. Mwenye kulisema hakukusudia kudanganya. Anatumaini ya kuwa kabla ya kesho mtu mwingine atakuja na mia mbili.

Dawa ya ugonjwa huu si kubwa, lakini ni chungu. Arubuni na ipokewe kwa chuma chenyewe pale iwezekanapo: mteja aje na bamba lake au na gunia lake la makaa, na fundi alipwe ujira. Ikiwa ni fedha, iwekwe katika kopo la chuma na si katika mfuko wa suruali. Na liwepo daftari moja la shule, liandikwe siku ya kupokea, jina, na siku ya kutoa, wala kisiandikwe kisu kipya katika juma ambalo kurasa zake zimekwisha jaa. Fundi asemaye, "Mama, juma hili sina nafasi, njoo tarehe kumi na nne," atampoteza mteja mmoja kati ya kadhaa. Asemaye "kesho" mara tano atawapoteza wote, na majirani zao juu.

Sasa habari ya ubovu, ambayo watu huitenganisha na kuchelewa, na kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Kisu kinachopasuka hurudi. Kikirudi hukaa juu ya fuawe mahali pa kisu cha mtu mwingine, na fundi hukifanya tena bure. Mtu akihesabu saa za kibanda ataona kuwa sehemu isiyo ndogo ya juma ni kazi ya juma lililopita iliyofanywa vibaya. Na sababu ya kufanywa vibaya ni kwamba mteja alikuwa amesimama mlangoni. Haraka huzaa ubovu, ubovu huzaa marudio, nayo marudio huleta haraka nyingine.

Kosa kubwa lipo motoni. Pua hutakiwa ipashwe moto hata iwe nyekundu ya kadiri, ndipo itoswe ghafula ipate ugumu. Ikipashwa chini ya kadiri haitashika makali. Ikizidishwa, chembe zake za ndani hukua na kuwa kubwa, na kisu huvunjika kama muwa. Tena jua la Kasigau ni kali, na chuma chekundu katika mwangaza wa mchana huonekana kama hakijaiva. Fundi huongeza mvukuto, na tayari amekwisha kukiharibu. Wahunzi wa zamani walipenda kutosa visu alfajiri au jioni, au ndani ya kibanda chenye giza, na wengine walidhani ni uganga. Huenda mambo ya uganga nayo yalikuwapo, lakini giza lile lilikuwa na sababu ya haki: macho huijua rangi ya chuma gizani. Siku hizi kipo kipimo kingine rahisi. Pua ikishika moto wa kadiri hiyo sumaku haiivuti tena, na kipande cha sumaku kutoka katika spika ya redio iliyokufa, kilichofungwa katika waya, chatosha kumwonya fundi asizidishe sana.

Kutosa nako kuna adabu yake. Bamba la springi likitoswa katika maji baridi mara nyingi hupata ufa mwembamba usioonekana, na ndio ule uliompasukia mama msukaji. Mafuta, hata yale machafu yaliyotolewa katika injini, hupoza polepole zaidi, na ufa huwa haba. Kisha kazi haijaisha, na hapa mafundi wengi hukimbia. Kisu kilichotoswa tu ni kigumu kama kioo. Yapasa kisafishwe king'ae, kirudishwe kwenye moto mdogo, na kitazamwe mpaka rangi ya majani makavu itambae juu yake. Hapo ugumu umepungua kidogo na uvumilivu umeingia. Rangi ikifika buluu, imepita. Kitafaa kuwa springi tena kuliko kuwa kisu. Kazi hii ni ya dakika chache tu, na kwa sababu ya hizo dakika chache visu vingi hufa vikiwa vichanga.

Je, fundi atajuaje kabla mteja hajajua? Vyuma chakavu havina hati ya kuzaliwa. Bamba moja lina pua, jingine lina chuma laini kisichoshika ugumu hata kikitoswa mara saba. Basi kila bamba jipya likatwe ncha yake, ncha hiyo ipashwe na kutoswa, kisha ivunjwe kwa nyundo. Ikikunjwa bila kuvunjika, bamba hilo liwe bawaba za mlango. Ikivunjika na ndani ikaonekana ya kijivu laini kama hariri, ni njema. Ikimetameta kama chumvi ya mawe, moto ulizidi. Na kisu baada ya kutoswa kipitishwe tupa: tupa ikiteleza, ugumu umo, ikiuma, haumo. Hayo yote yafanywe kabla ya kutia mpini. Kisu kilichokataliwa kabla ya mpini kimempotezea fundi asubuhi. Kilichokataliwa na mteja kimempotezea siku mbili, mpini, ribiti na jina.

Katika miji ya Ulaya iliyotajirika kwa visu jambo hili la jina halikuachwa kwa hiari ya mtu. Huko Sheffield, Uingereza, mafundi wa visu waliundiwa chama chao kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na kila fundi akawa na alama yake iliyoandikishwa, ili kisu kibovu kijulikane kimetoka tanuru gani. Solingen, katika Ujerumani, jina la mji lenyewe lililindwa kwa sheria ya mwaka 1938. Nchini Kenya Shirika la Ubora wa Bidhaa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974. Mhunzi wa Rukanga hatazamiwi kuanza huko. Lakini patasi ndogo yenye herufi mbili za jina lake, ikipigwa kwenye chuma kingali moto, haimgharimu chochote. Wapo watakaoogopa kuipiga, na woga huo nao ni habari ya kutosha juu ya visu vyao.

Imebaki mipini. Mti mbichi ukitiwa kisuni hukauka humo humo, husinyaa, na baada ya mwezi kisu hucheza kama jino la mtoto. Mpini mzuri ulikatwa miezi mingi kabla, ukapangwa darini juu ya moshi. Huku ni kuchelewa ambako mteja hakuoni wala hakulipii, na fundi anayeanza leo hana budi kukaa nako msimu mzima kabla hajafaidi. Ndiyo sababu kibanda cha mhunzi hodari hutambulika kwa kutazama juu kuliko kutazama motoni: mkiwa na vipande vya mti vilivyopangwa darini, vikavu, vimetiwa alama ya mwezi vilipokatwa, mteja na aache arubuni yake.

Mvua za vuli hutazamiwa Kasigau mwezi wa Novemba, na kila mwaka mambo huwa yale yale. Wingu la kwanza likionekana juu ya mlima, kijiji kizima huja na majembe yaliyovunjika tangu mwezi wa Mei, na visu vyote hurudishwa nyuma. Majembe hayo yalikuwa yamelala uvunguni miezi mitano. Akina baba wa Jora na Bungule wakiyaleta mwezi wa Agosti, makaa yangali makavu na barabara ya Maungu haijawa tope, fundi atayamaliza kabla ya Oktoba, na mama msukaji atapata kisu chake Jumatano ile aliyoambiwa.